Nilipoketi Kati ya Kabeji za Sadaka

Jembe la Koko lilinifikia Goma juu ya gari la viazi, limefungwa kwa kamba ya mgomba pamoja na kifuko cha maharage. Dereva alilishusha, akalisimamisha mbele yangu, akanitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Dada, njo hii tu ulikuwa unangoya tangu asubui?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akacheka, akaenda kushusha viazi vya wengine. Nilibaki kando ya barabara na mkoba wangu wa mwalimu begani, pikipiki zikinipita huku na huku, nikainamisha uso na kunusa mpini. Harufu ilikuwa bado ipo. Udongo, moshi, na chini yake kitu kichachu kidogo, kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa kona ya nyumba.

Koko ni bibi yangu, mzaa mama. Amezikwa Kingi, kule milima ya Masisi, kwenye mteremko aliolima maisha yake yote, na amezikwa bila mimi kwa sababu juma lile barabara ilikuwa imefungwa. Nilisikia nyimbo za mazishi kwa simu ya jirani, zikikatika na kurudi, mpaka salio lake likaisha. Waliponiuliza nataka nini katika vitu vyake, walidhani nitaomba Biblia, maana mimi hufundisha theolojia na watu huamini kwamba mtu wa namna yangu hula karatasi. Nikasema nataka jembe. Kwenye simu nikasikia mtu akinong'ona kwamba masomo mengi nayo ni ugonjwa.

Acha niwaeleze, ninyi wa rika langu mliokulia kwenye vilima vile na mnaojua ukungu wa asubuhi unavyoingia mpaka ndani ya sufuria.

Mama yangu aliniacha kwa Koko wakati meno yangu ya mbele yalipokuwa yanang'oka. Aliteremka Walikale, mpaka Hombo, pale malori ya Bukavu na Kisangani yanaposimama, kuuza chumvi na sabuni. Alisema atarudi na viatu vyangu. Mwanzoni alirudi kweli. Baadaye akawa anatuma mafuta ya mawese kwa madereva, baadaye akatuma salamu tu, halafu hata salamu zikakoma. Nilikuja kujua kwamba alikuwa amepata mume huko na watoto wengine. Siku zile sikujua hata kulaumu. Nilijua Masisi iko juu na Walikale iko chini, na nikaamini kwamba kila kinachoteremka huko ni kama maji ya mto wetu, hakina njia ya kupanda tena.

Koko hakuwa mkali. Alikuwa kimya, na mtoto hawezi kutofautisha hayo mawili. Aliamka gizani, akachukua jembe, akapanda kwenda shambani. Jioni alirudi, akapika, akaweka sahani kati yetu, na kiazi kikubwa kilikuwa daima upande wangu. Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye kile kiazi, nami nilikuwa nayatafuta mdomoni mwake. Zilipita siku nzima nisisikie jina langu. Nilizungumza na kuku. Nilizungumza na moshi. Nilikuwa mpweke kwa namna ambayo mpaka leo hunirudia, ingawa nina watu wengi kwenye simu yangu.

Mtu mmoja tu alinigusa usoni. Huyo alikuwa Mama Furaha. Familia yake ilichunga ng'ombe malishoni juu yetu, na kila asubuhi aliteremka na madumu ya maziwa, bidoni tunaziita, mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, akienda kuuza barabarani. Akifika mlangoni kwetu alitua mzigo, akanimiminia maziwa kwenye kikombe, akanifuta mdomo kwa ncha ya kikwembe chake, kitenge cha kiunoni. "Kunywa, mutoto yangu. Mifupa inalia njaa." Mutoto yangu! Nililibeba neno hilo mpaka kesho yake. Furaha mwenyewe sikuwahi kumwona. Nilipouliza yuko wapi, Mama Furaha alitazama mlima, akanifunga kifungo cha gauni ambacho hakikuwa kimefunguka. Nikaamua mwenyewe kwamba Furaha amepelekwa shule Goma, kama watoto wengine wa wenye ng'ombe, na kwamba kitanda chake kiko wazi.

Kanisa letu lilikuwa la udongo na mabati, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Wakulima na wachungaji wa ng'ombe tuliketi humo pamoja. Kila mwaka maharage yakishavunwa kulikuwa na Jumapili ya mavuno, na hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yetu kubwa kuliko hata Krismasi. Kila nyumba ilileta ilichonacho: viazi, kabeji, mahindi, maharage, maziwa, jibini ya mviringo iliyofungwa kwa majani. Vilirundikwa mbele kwenye mikeka, chini ya meza ya sadaka. Baada ya mahubiri, shemasi wetu, Papa Bahati, mtu mfupi mwenye sauti ya lori, alivipiga mnada. Sheria zake zilijulikana na wote, lakini alizitangaza kila mwaka kwa raha ya kujisikia.

"Kitu yenye imefika kwa meza haiko tena yako! Iko ya Mungu! Mwenye aliileta hawezi kuinunua tena. Mwenye anainunua, anaibeba kwake. Na kama habebe, inarudi kwa meza!"

Hivyo mkulima alirudi nyumbani na jibini, na mwenye ng'ombe alirudi na maharage. Watu waliteta juma zima juu ya mipaka na mazao yaliyokanyagwa, lakini Jumapili ile kila mmoja alikula jasho la mwenzake. Sijaona sakramenti nzuri zaidi ya hiyo, na nimekwenda makanisa yenye viyoyozi.

Mwaka ule mchungaji alihubiri juu ya kununuliwa. Alisema sisi nasi tulikuwa kama vitu mezani, tukanunuliwa kwa bei, na mwenye kutununua atatupeleka kwake. Watu wazima waliitikia amina wakiwaza chakula. Mimi nilisikia kwa masikio yote. Kumbe na watu hununuliwa! Tena Mama Furaha hakosi kununua kitu Jumapili ya mavuno. Basi nikateleza kutoka kwenye benchi, nikaenda kuketi kwenye mkeka kati ya kabeji na gunia la viazi, nikapakata kuku mmoja aliyefungwa miguu ili nionekane nina kazi. Hakuna aliyeniondoa. Wakubwa walidhani namshika kuku. Moyo ulinidunda mpaka kuku akausikia.

Kwa upande wa Koko sikutazama. Niliamini atashukuru. Mdomo mmoja wa kulisha umepungua, na nyumba itakuwa kimya kama anavyopenda.

Papa Bahati alikuwa ameinua debe la kwanza la maharage, na Mama Furaha alikuwa ameshainua mkono, wakati tulipoanza kusikia muziki. Ulikuwa wakati wa kampeni. Gari la jipu lenye vipaza sauti lilipanda kilima likipiga wimbo wa dansi ambao vijana wote waliujua kutoka kwenye baa za Sake, isipokuwa katikati yake jina la mpenzi lilikuwa limeondolewa na jina la mgombea likawekwa. Muheshimiwa, tulimwita, kabla hata hajachaguliwa. Aliingia na watu wake, marashi yakaingia kabla yao. Walipewa viti vya mbele. Papa Bahati alipoinua debe tena, Muheshimiwa alisimama na kufungua mikono.

"Watu ya Kingi! Leo muntu asijisumbue. Yote yenye iko hapa mbele, miye nimenunua. Yote!"

Kanisa lililipuka vigelegele. Bahasha ikapita kwa mchungaji. Mama Furaha alishusha mkono wake polepole, na huo ndio mkono niliokuwa nautazama. Kisha Muheshimiwa akaja mbele kupigwa picha na mavuno yake, akaniona na kuku wangu, akaniwekea kichwani kiganja kizito chenye pete. "Na huyu mutoto muzuri? Huyu pia iko wangu!" Watu wakacheka sana. Papa Bahati, ambaye hakuweza kuacha kitu bila kukimaliza, akapaza sauti, "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu! Yote iko ya Muheshimiwa!"

Jipu lilikuwa limejaa watu na vipaza sauti. Hakubeba kitu. Alisema, "Muniwekee muzuri. Nitarudi." Mmoja wa watu wake alinivalisha triko, fulana nyeupe yenye sura yake, ikanifika miguuni. Wakaondoka kuelekea Sake na wimbo wao.

Nimesoma vitabu vingi juu ya hofu ya Mungu, lakini hofu ninayoijua mimi ni ile ya njia ya kurudi nyumbani siku hiyo, nikimfuata Koko nyuma, nikiwa nimevaa uso wa mtu aliyeninunua. Sikumwambia chochote. Sheria ilikuwa sheria. Nilijitoa mwenyewe mezani, na mwenye kuleta kitu hawezi kukirudisha. Nilifunga gauni langu la pili na kijiko changu ndani ya kitambaa. Kuanzia siku hiyo, kila jioni baada ya kuchota maji, nilivaa triko, nikaenda kuketi penye kona ya barabara, na kifurushi magotini.

Koko aliniona. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu na jembe begani. "Unangoya nani?" Nikasema hakuna. Akahamishia jembe bega la pili, akaenda zake, na hakuuliza tena. Alidhani namngoja mama yangu, na ni bibi gani anaweza kumkataza mtoto kumngoja mama yake? Hivyo alinipitia kila jioni, yeye na huzuni yake, mimi na hofu yangu, tukiwa hatua chache tu kutoka kwa kila mmoja. Nikaelewa ukimya ule kama nilivyouelewa ukimya wake wote, kwamba ameshanitoa moyoni.

Kanisani mambo yalikuwa ya ajabu. Mavuno ya Muheshimiwa yaliwekwa chumba cha nyuma, na ingawa sheria ilisema kisichobebwa kirudi mezani, hakuna aliyethubutu kugusa mali ya mkubwa. Viazi vikaota machipukizi marefu meupe. Maziwa yakaganda ndani ya bidoni zake. Kabeji zikaoza, zikaanza kunuka mpaka wakati wa sala, tukawa tunafumba macho na pua kwa pamoja. Kuku alihamishiwa kwa Papa Bahati, akataga, na wazee wakajadili kwa uzito kabisa mayai ya kuku wa Muheshimiwa ni ya nani. Nilisikiliza mjadala ule kwa makini, maana nilijua mimi na kuku tuko kesi moja.

Uchaguzi ukapita. Alishinda, tulisikia kwa redio, watu wakacheza barabarani. Kwaya yetu ikauchukua ule wimbo wake, maana ulikuwa umeingia miguuni na hautoki, na mahali pa jina lake wakaweka jina la Yesu. Maneno mengine hawakuyagusa, hata lile la kwamba atakuja na barabara ya lami. Leo wanafunzi wangu hugombana darasani kama ni dhambi kuimba muziki wa baa kanisani. Mimi huwaacha wagombane. Muziki haujawahi kunitisha. Kilichonitisha ni jinsi majina yalivyobadilishana nafasi pasipo mtu kushtuka, mpenzi, mgombea, Mwokozi, na wimbo ukaendelea vilevile, na miguu ikaendelea vilevile.

Kwa sababu hicho ndicho kilichonipata mimi. Kwa miaka mingi, hata nilipokuwa nimeshaanza kusomea Mungu rasmi, nikipiga magoti nilikutana na uso wa Muheshimiwa. Mungu alikuwa mtu mkubwa mwenye marashi, aliyenunua vyote mara moja bila kutazama, akaniwekea mkono kichwani mbele ya watu, akasema atarudi, akaondoka na muziki. Nami nilikuwa miongoni mwa vitu alivyonunua asivyovihitaji. Niliandika kurasa nyingi juu ya ukombozi, zenye tanbihi nadhifu, na walimu wakanisifu. Hawakujua kwamba mwandishi alikuwa bado kwenye kona ya barabara na kifurushi.

Jioni zikawa nyingi. Mwanzoni niliogopa asije akaja. Baadaye nikaanza kuogopa kwamba hatakuja, na hofu hii ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nimekwisha kutoka kwa Koko na sijafika kwa mtu. Chakula kilinishinda. Kiazi kikubwa kilibaki upande wangu wa sahani mpaka kikapoa, na Koko akakirudisha chunguni bila neno.

Mama Furaha ndiye aliyegundua. Alikuwa anapanda kurudi kwake na bidoni tupu, akanikuta pale konani, akasimama kuniangalia kwa muda.

"Mama yako atatoka upande ya Walikale," akasema. "Juu ya nini unaangalia upande ya Sake?"

Hapo nikalia. Nilimwambia yote, meza, kabeji, kuku, sheria, mara ya tatu. Jambo moja tu sikumwambia, kwamba nilikuwa nimeketi pale kwa ajili yake. Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akaishika ile triko kwenye mashavu ya Muheshimiwa, akavuta kidogo kana kwamba anataka kuona kama inatoka. "Na kama muntu mwingine angekununua?" akauliza. Nikatazama chini. Nadhani alielewa. Akaniambia niende nyumbani, baridi imeingia.

Jumapili iliyofuata Koko alikwenda kanisani na jembe. Watu waligeuka kumtazama, maana jembe lina siku zake na Jumapili si mojawapo. Ibada ilipokwisha, Papa Bahati akaanza kuuza sadaka ndogondogo za siku hiyo, na Koko akainuka, akanishika bega, tukatembea wote wawili hadi mbele. Akaliweka jembe juu ya meza.

"Mama, hii jembe iko sadaka ya nini?" Papa Bahati akauliza.

"Haiko sadaka. Nakuya kulipa."

"Kulipa nini?"

"Huyu." Akanisogeza mbele. Sijawahi, kabla wala baada, kumsikia akisema maneno mengi vile mbele ya watu. "Siku ya mavuno alikaa na kabeji. Muheshimiwa akanunua yote, na weye mwenyewe ukapiga kelele mara tatu. Hakumubeba. Kitu yenye habebe inarudi kwa meza. Nataka kumununua."

Watu walicheka. Kisha wakamwona uso wake, wakaacha, benchi moja baada ya nyingine. Mchungaji alisimama, akikunja mikono kwa upole. "Mama, muntu hauzishwe mu kanisa..."

"Najua, Pasteri. Yeye njo hajue. Utamufundisha kesho. Leo uache arudi kwetu."

Mchungaji alinitazama, nikiwa ndani ya triko ile, akakaa chini. Na Papa Bahati, Mungu amrehemu, hakufanya mzaha. Alijinyoosha, akatoa sauti yake ya lori kama siku ya mavuno.

"Koko ametoa jembe! Nani anaongeza?"

Nilimtazama Mama Furaha. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Alikuwa benchi la tatu upande wa wanawake, macho chini, mikono yote miwili ameificha ndani ya kikwembe. Mwenye ng'ombe! Angeweza kutaja ndama tu na mambo yakaisha. "Mara ya kwanza," akasema Papa Bahati. Mikono haikutoka. "Mara ya pili." Nilisikia bati likilia kwa jua. "Mara ya tatu! Mutoto iko ya Koko yake!"

Watu wakashangilia. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba sasa na kuku arudishwe mezani, na kweli siku hiyohiyo kuku akauzwa, na zile kabeji zikatupwa. Lakini kabla ya kuku kulikuwa na jembe. Lilikuwa limefika mezani, lilikuwa la Mungu, na Koko hakuwa na ruhusa ya kulinunua. Papa Bahati aliliinua. Hakuna mwanamume aliyefungua mdomo. Msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni, na kununua jembe la mjane wakati kama huo ni aibu isiyosahaulika. Lilining'inia hewani mpaka akalihamishia mkono wa pili.

Ndipo Mama Furaha akainua mkono. "Maziwa ya juma yote," akasema.

"Mama, ng'ombe njo zitalima?" Papa Bahati akauliza, na kanisa likacheka kwa nafuu. Yeye hakucheka. Alikuja mbele, akalipokea jembe, akaondoka nalo amelikumbatia mikononi, maana hakujua kwamba jembe hubebwa begani.

Nami nikabaki nimesimama pale, nimekombolewa mbele ya kanisa zima, na ndani yangu kulikuwa na maneno mawili tu. Jembe amelitaka. Mimi hakunitaka.

Njia yote ya kurudi Koko alinishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono kabla ya hapo. Ningepaswa kukumbuka joto la kiganja kile, lakini sikulisikia vizuri, nilikuwa na kazi ya kuhuzunika. Kesho yake asubuhi jembe lilikuwa limeegemezwa mlangoni kwetu. Mpini wote ulikuwa umepakwa siagi ya ng'ombe, kama watu wa malishoni wanavyopaka vibuyu vyao. Koko alilinusa, akasema, "Mungu anajua," akapanda nalo kwenda shambani. Triko alishaikata matambara ya sufuria.

Mama Furaha aliendelea kupita na maziwa, nami niliendelea kunywa, lakini nilikuwa nanywa kama mgeni. Na hatukupata muda wa kuzeeka pamoja. Milio ya bunduki ilianza milimani. Ng'ombe walichukuliwa, wenye ng'ombe wakahamia upande wa Burungu, halafu sijui wapi. Sisi tulikimbilia Sake na mikeka kichwani. Hakuna aliyemuaga mwenzake. Tuliporudi, nusu ya benchi za kanisa zilikuwa wazi, na kuhusu walioketi pale watu walianza kusema maneno ambayo sitayaandika. Muheshimiwa alirudi, kumbe. Uchaguzi uliofuata alirudi na wimbo mpya, mtamu kuliko wa kwanza, na ndani yake kulikuwa na watu wa kufukuzwa. Vijana waliucheza. Nilikuwa nimesimama karibu na jipu, msichana mrefu sasa, na macho yake yakanipitia kama yanavyopita juu ya mawe. Jumapili za mavuno ziliendelea, lakini tulikuwa tunanunuliana viazi kwa viazi.

Mara ya mwisho nilipomwona Koko alikuwa kitandani, mdogo ndani ya blanketi, na jembe liko kona ya chumba. Nilimwambia, kwa utani tu, ili tuseme kitu, kwamba bado nakumbuka Mama Furaha alivyolichagua jembe akaniacha mimi. Nilidhani amelala. Kisha akafungua macho.

"Alikuya kwangu asubui ile ya jembe, mbele ibada ianze," akasema. "Njo yeye alinieleza ile mambo yote. Miye nilikuwa nafikiri unangoya mama yako. Nikamuambia, kama unamutaka mutoto, uinue mukono. Miye niko muzee, na huyu hanipende. Akalia, yule mama. Akasema, Furaha yangu nilimuzika akiwa mukubwa vile huyu iko. Kama nainua mukono, sitajua kuushusha. Lakini usimuache aone ya kwamba hata weye umemuachilia."

Akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Akaficha mikono. Nilimuona. Alikuwa anajifunga na kikwembe, kama muntu mwenye maumivu ya tumbo."

Nilitaka kumwambia Koko kwamba nampenda, kwamba nilikuwa nampenda tangu siku za kiazi kikubwa. Kwetu hatusemi hivyo. Nilikwenda nikachukua jembe, nikaliweka kando ya kitanda, mpini ukamgusa mkono. Akausugua kidogo kwa kidole gumba.

Sasa liko kwangu, Goma, kwenye chumba cha kupanga chenye uwanja wa mawe meusi ya volkano, ambapo hata mchicha hauoti. Nimeliegemeza nje, kando ya mlango, upande wa barabara. Watu wengi wa vilima vyetu hupita hapa siku hizi, wamebeba magodoro, na huenda mmoja wao akalijua. Jana jirani yangu alisimama akiwa na ndoo yake ya maji, akalitazama.

"Dada, uko na shamba wapi?"

"Sina shamba, Mama."

"Sasa hii jembe iko ya nini?"

"Njo bei yangu," nikamwambia.